Kabla Hujaituma Nairobi: Kutafuta Ugonjwa wa Vifaa vya Mashua ya Tanga

Kifurushi kilishuka kwenye basi la usiku saa 12 asubuhi, kimefungwa kwa gunia na kamba ya nailoni. Ndani mlikuwa na stata ya injini ya mashua, ile mota ya kuiwashia, chumvi bado imeganda kwenye vishikizo vyake. Niliifikisha karakana yangu Kariobangi, nikaibana kwenye jiliwa, nikaiunganisha na betri. Ikazunguka kwa nguvu zake zote hadi meza ikatetemeka. Nikampigia simu mwenye chombo, mzee mmoja wa Kilifi aliyeanza ubaharia kabla sijazaliwa.

"Shikamoo mzee. Stata yako ni nzima."

"Marahaba mwanangu. Itakuwaje nzima na injini haiwaki? Nimeifungua kwa mikono yangu."

"Kabla hujaifungua, uliupima waya wa hasi?"

Akanyamaza kidogo. "Kwani waya nao hupimwa?"

Hupimwa, na ndilo jambo la kwanza kupimwa. Nimekuwa nikipokea vifaa vya mashua kutoka Kilifi, Mtwapa na Shimoni kwa miaka mingi sasa, kwa sababu wanaosuka upya mota na wachonga vyuma wa kereni wako kwa wingi huku Nairobi, na spea za dizeli zinapatikana Barabara ya Kirinyaga kuliko kokote pwani. Lakini vingi vinavyonifikia havina ugonjwa. Stata ni kituo kimoja tu kwenye njia ya umeme. Pampu ni kituo kwenye njia ya maji, filta ni kituo kwenye njia ya dizeli, na winchi, ile mashine ya kuvutia kamba, ni kituo kwenye njia ya mzigo wa tanga. Chumvi ya bahari hula viungo vya njia kwanza, na vituo vyenyewe huvila mwisho. Kutoka Kilifi hadi kwangu ni kilomita 500 na ushee, na msimu wa kaskazi haumngojei mtu. Kwa hiyo nitakueleza ninavyomwelekeza mtu kwa simu, dalili moja baada ya nyingine, akiwa yeye yuko chomboni na mimi niko huku.

Uwe na mita ya umeme, tochi, kioo kidogo cha mkononi, brashi ya waya, chupa ya glasi iliyo safi, na daftari. Daftari usilisahau. Kipimo ambacho hukukiandika utakipima tena kesho ukiwa na mashaka.

Unageuza ufunguo, inalia "tik" na kunyamaza

Hiyo "tik" ni solenoidi, swichi ya sumaku ya stata, inavuta. Maana yake umeme mdogo wa swichi unafika, ila ule mwingi wa kuzungusha mota haufiki au hautoshi. Anza kwenye betri ikiwa imepumzika saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumiwa. Betri ya risasi na asidi iliyojaa husoma volti 12.6 hadi 12.8. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Chini ya 12 iko karibu na tupu, usiilaumu stata.

Sasa weka gia huru, vuta waya wa kuzimia injini ili isiwake, na umwombe mwenzako ageuze ufunguo huku wewe umeshika mita kwenye vichwa vya betri. Ikianguka chini ya volti 9.6 hivi, ama betri imechoka ama kuna kitu kinaizuia injini kuzunguka. Ikibaki juu, tuseme 12.4, na injini haisongi, basi betri ina nguvu lakini haipati pa kupita. Hapo ndipo watu hufungua stata, na hapo ndipo ninapowaomba wasubiri dakika 5.

Weka ncha moja ya mita juu ya kichwa chenyewe cha hasi cha betri. Nimesema kichwa chenyewe, ile risasi, wala si kibano kilichoishika. Ncha ya pili iguse chuma kitupu cha injini. Geuza ufunguo. Kama njia ni safi utaona volti 0.2 au 0.3, na ikipita 0.5 kuna kizuizi. Yule mzee, nilipomrudishia stata akaifunga, alipofanya hivyo kwa waya uleule alisoma volti 3 na zaidi. Kwa nje waya wake ulikuwa unang'aa, ganda jeusi halina hata mkwaruzo. Alipouchana kwa kisu karibu na kiungo, shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani na mweusi kwa urefu wa shubiri nzima. Maji ya chumvi yaliingia pale mwisho wa waya ulipobanwa bila kuzibwa, yakapanda ndani kama mafuta yapandavyo utambi.

Rudia kipimo hicho upande wa chanya: kutoka kichwa cha betri hadi kwenye swichi kuu, kisha upande wa pili wa swichi, kisha bolti kubwa ya stata. Swichi kuu za zamani huungua ndani bila kuonekana. Ukipata volti nyingi sehemu moja, ugonjwa uko sehemu hiyo, safisha au badilisha hiyo tu. Stata itakuwa na kosa pale tu ambapo volti 10 na zaidi zinaifikia wakati wa kugeuza ufunguo na bado haizunguki. Ikifika hapo, nitumie.

Lakini kuna hali moja ya hatari. Kama injini ilijaribu kuzunguka ikagonga "duk" na kusimama kama imegota ukuta, usigeuze ufunguo tena. Huenda kuna maji juu ya pistoni, na maji hayabanwi. Ukilazimisha, koniroda, ule mkono wa chuma unaoshika pistoni, itapinda. Toa injekta, zile pua za kunyunyizia dizeli, zungusha injini taratibu kwa spana kwenye puli ya mbele, uone kama maji yatatoka.

Maji hayo huingiaje? Mara nyingi ni sisi wenyewe tunayaingiza. Injini ikikataa kuwaka, kila unapoizungusha kwa stata pampu ya maji ya bahari nayo inavuta. Maji yanajaa kwenye silensa ya bomba la moshi, na kwa kuwa injini haijawaka hakuna moshi wa kuyasukuma nje. Yakijaa yanarudi nyuma hadi kwenye silinda. Basi ukijaribu mara mbili tatu bila kuwaka, funga valvu ya maji ya bahari uendelee na majaribio, na uifungue mara tu injini inapowaka. Funika ufunguo kwa kitambaa chekundu ili ukumbuke. Injini nzima nimeshuhudia zikiuawa hivi, na inauma kwa sababu ni jambo la kugeuza mkono mmoja.

Jioni betri zimejaa, asubuhi zimekufa

Hapa kuna mambo matatu yanayofanana kwa sura: betri hazichajiwi kikweli, kuna kitu kinanyonya usiku, au betri zenyewe zimezeeka na hazishiki.

Washa injini, uiache itulie, upime kwenye vichwa vya betri. Kipimo kinapaswa kupanda hadi kati ya volti 13.8 na 14.4. Kisha pima nyuma ya alternata yenyewe, ile jenereta ya injini inayochaji betri. Ikiwa alternata inatoa 14.3 na betri inapata 13.4, alternata inafanya kazi yake na umeme unapotelea njiani, kwenye kiungo kilichoshika kutu au kwenye kile kifaa cha kugawa chaji chenye daiodi, ambacho kwa kawaida hula volti 0.6 au 0.7. Ikiwa zote mbili zimelala kwenye 12.5, tazama belti na ule waya mwembamba wa kuiamsha alternata kabla hujaifungua. Belti iliyolegea huacha unga mweusi kila mahali, utauona kwa kidole. Na injini ikiwa inaendelea, usizime swichi kuu ya betri hata kwa sekunde moja. Alternata ikikosa pa kupeleka umeme, daiodi zake huungua papo hapo.

Kunyonya kwa usiku kunatafutwa kila kitu kikiwa kimezimwa. Fungua waya wa hasi, pitisha mita katikati kwenye upande wa ampea, halafu chomoa fyuzi moja moja hadi namba ishuke. Usiwashe injini mita ikiwa pale. Nimegundua redio, kengele ya gesi na taa ya kabati kwa njia hii. Kama hakuna kinachonyonya na chaji ni nzuri, chaji betri hadi zijae, ziache saa 24 zikiwa zimefunguliwa, kisha pima. Ile iliyoshuka peke yake hadi 12.3 au chini imekwisha. Na betri zikiwa zimeunganishwa pamoja, moja mbovu huzivuta zilizobaki, kwa hiyo zitenganishe kabla ya kupima.

Kuhusu sola nitasema moja: kivuli cha mlingoti au cha kamba kikipita juu ya paneli, hata kiwe chembamba, hupunguza umeme mwingi kuliko ukubwa wake. Pima paneli ikiwa juani kabisa kabla hujalaumu regyuleta, kile kifaa kinachodhibiti chaji ya sola.

Kuna jambo la madukani ambalo wenzangu wa pwani wanaonunua waya Nairobi wanapaswa kulijua. Kuna waya mwingi unaouzwa kama shaba ilhali ni alumini iliyopakwa shaba juu. Nyumbani utakaa, chomboni utageuka unga kwa msimu mmoja. Chukua kisu, kwaruza uzi mmoja. Shaba halisi ni nyekundu hadi ndani. Ile ya uongo ni nyekundu juu, nyeupe ndani. Waya bora wa baharini ni kinyume chake: mweupe juu kwa sababu umepakwa bati, mwekundu ndani. Uushike mkononi pia. Alumini ni nyepesi mno kwa unene wake.

Mshale wa joto unapanda

Usifungue chochote kwanza. Chungulia nyuma ya chombo, kwenye ekzosi, bomba la moshi. Injini ya mashua huvuta maji ya bahari, huyapitisha kwenye kipozeo ili yapoze maji matamu yanayozunguka ndani ya injini, kisha huyatema pamoja na moshi. Ekzosi yenye maji ina sauti ya kusukutua, inatema kwa vipindi. Ikikauka, sauti inakuwa kali na yenye mwangwi, na nahodha mwenye sikio ataisikia kabla ya mshale kupanda. Maji yasipotoka, zima injini mara moja, pandisha tanga. Hosi ya ekzosi ni mpira, bila maji inaungua kwa dakika chache.

Fuata njia ya maji kutoka chini. Je, valvu iko wazi? Je, chujio lina mwani au karatasi ya plastiki? Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, lakini ile iliyokwisha kuingia baharini bado inaelea, na ikivutwa kwenye tundu la chini hujibandika, kisha huanguka yenyewe injini inapozimwa. Ndiyo maana joto linapanda, unazima, unakagua, huoni kitu, unawasha na maji yanatoka vizuri. Likikutokea hivyo, piga mbizi uangalie tundu kwa macho.

Kisha pampu. Fungua kifuniko chake uone impela, ile gurudumu ya mpira yenye mabawa. Usiitazame tu ikiwa imekaa. Itoe, ushike bawa moja moja uliinamishe kwa kidole gumba, kwa sababu ufa huanzia kwenye shina la bawa na haujionyeshi hadi ulikunje. Bawa likikosekana, lazima ulitafute. Halijayeyuka, limekwenda na maji na limekwama kwenye kona ya paipu au mdomoni mwa kipozeo, na litaziba tena wiki ijayo ukiwa na impela mpya. Panga vipande mezani hadi mabawa yatimie. Mimi sifungi pampu kabla vipande havijatimia, hata kama mwenye chombo amesimama mlangoni na maji yanapwa. Impela mpya ipake gliserini au sabuni ya vyombo. Grisi ya kawaida hudhuru mpira. Na uibadilishe kila mwaka hata kama inaonekana nzima.

Maji yakitoka kwa wingi na joto bado liko juu, ngoja ipoe kabisa ndipo ufungue kifuniko cha kipozeo. Angalia kiasi cha maji matamu ndani, angalia belti ya pampu yake, angalia zinki kwenye kipozeo. Zinki huliwa ili shaba isiliwe, ndiyo kazi yake, lakini vipande vyake vikivunjika huziba mirija. Yakitoka kidogo yakiwa na mvuke, ifungue ile kona ya chuma ambapo maji hukutana na moshi. Masizi na kutu hukutana hapo pia. Nimeshika kona moja ambayo tundu la kuingia kidole gumba lilikuwa limebaki la kuingia penseli. Mafundi wa kuchomelea wa hapa Nairobi wanaweza kukuundia mpya, mradi uwape stenlesi ya daraja la 316 na uwasimamie.

Thamostati, valvu inayofunguka kwa joto ili maji ya kupoza yapite, nayo hupimwa kwa sufuria, kipimajoto na uzi. Ile ya digrii 82 huanza kufunguka hapo na hufunguka kikamilifu ikipanda digrii 10 au 15 zaidi. Lakini Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na maji hapa huchemka kwenye digrii 94 hivi. Fundi akiiona haijafunguka yote huku sufuria inatokota ataitupa ikiwa nzima. Ipime Kilifi, ambako maji hufika 100.

Ndani ya hori inaunguruma vizuri, baharini inazima

Hii ndiyo dalili ninayopigiwa simu zaidi wakati wa kusi. Injini inafanya kazi saa nzima ndani ya hori ya Kilifi, chombo kinapita mwamba, wimbi la nje linakiinua, na injini inakufa hapo hapo, mahali pabaya kuliko pote. Mtu anasema pampu ya dizeli imekufa. Pampu ni ileile. Kilichobadilika ni tanki kutikiswa.

Chini ya tanki kuna maji. Yanaingia na dizeli ya madumu, yanaingia kwenye kifuniko cha sitaha, yanajitengeneza kwa jasho la tanki lisilojaa. Pale maji yanapokutana na dizeli huishi vijidudu, navyo hufanya utando mweusi unaoteleza kama kamasi. Bahari ikiwa shwari umelala chini. Wimbi likija unainuka na kuingia kwenye paipu ya kuvuta. Chota dizeli kutoka chini kabisa ya tanki, uitie kwenye ile chupa ya glasi, uiache usiku mzima. Asubuhi utaona dizeli juu, maji chini, na mstari mweusi katikati. Ukiuona huo mstari, hakuna filta itakayokuokoa hadi tanki lifunguliwe na kusuguliwa. Baada ya hapo weka dawa ya kuua vijidudu, jaza tanki hadi juu unapolaza chombo, na kila dumu lipitie faneli yenye chujio la kuzuia maji.

Uchafu na hewa hutofautiana kwa namna injini inavyokufa. Ikizibwa na uchafu hupoteza nguvu polepole, inazima, na baada ya kupumzika huwaka tena kwa muda. Ikivuta hewa, mlio unapanda na kushuka, inakohoa, ndipo inazima. Kuna na sababu ya tatu, ambayo watu huisahau: kipumulio cha tanki. Fungua kifuniko cha kujazia. Kikivuta pumzi "fsss" na injini ikapata nguvu, kipumulio kimeziba. Nyigu wa udongo hupenda kujenga humo chombo kikikaa wiki kadhaa bila kutumika.

Kutoa hewa kunahitaji utulivu. Legeza skrubu ya juu ya filta iliyo karibu na injini, sukuma ule mkono mdogo wa pampu ya kuinua dizeli hadi mapovu yaishe na dizeli itoke safi, kaza. Ikiwa mkono huo wa pampu hauna ukinzani wowote, haujaharibika: kamu ya injini, ile nundu inayousukuma, imeukalia. Zungusha injini mzunguko mmoja ujaribu tena. Endelea kwenye pampu ya injekta, mwisho legeza nati za paipu za injekta huku mwenzako akizungusha stata. Valvu ya maji uifunge, nimekwisha sema. Na mkono usiuweke mbele ya dizeli inayoruka, presha yake hupenya ngozi na jeraha lake ni la hospitali siku hiyo hiyo. Kama mapovu hayaishi kabisa, hewa inaingia kabla ya pampu, kwa kawaida kwenye mpira wa filta uliokaa vibaya au klipu ya hosi. Huko dizeli haivuji, kwa sababu panavutwa badala ya kusukumwa. Ndiyo maana wengi huzunguka na tochi wakitafuta tone na hawalioni.

Moshi

Mweusi ni dizeli nyingi kuliko hewa: filta ya hewa, ekzosi iliyoziba, injekta, au mzigo mzito. Kabla ya injekta, piga mbizi uangalie rafadha. Katika maji yetu ya joto, wiki chache tu bila kwenda zinatosha kome wadogo kuigandia, na injini inahema kama mtu aliyebebeshwa magunia mawili. Kwangua kwanza. Moshi mweupe wakati wa kuwasha si kitu, lakini ukiendelea injini ikiwa na moto, na maji matamu yanapungua, gaskiti ya kichwa inashukiwa. Wa bluu ni oili.

Mimi nina sababu ya kusisitiza jambo la moshi. Miaka ya mwanzo nilimfungulia mteja injini yake yote kwa sababu ilitoa moshi mweusi ikijaribiwa kwa mzigo hapa Nairobi. Nilibadilisha injekta zilizokuwa nzima. Presha ya hewa hapa ni karibu hektopaskali 830, na usawa wa bahari ni 1013, kwa hiyo injini isiyo na tabo, kile kifaa cha kuisukumia hewa, inakosa karibu moja ya tano ya hewa ambayo ilitengenezewa. Lazima itoe moshi. Ilipofika pwani ilikuwa safi, na ingekuwa safi bila mkono wangu. Pesa zile nilimrudishia, na tangu siku hiyo hukumu ya moshi naiacha pwani.

Maji ngamani

Ngama ni sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, ambako maji hukusanyika. Yakiwa hayana mafuta, chovya kidole uyaonje. Yakiwa matamu, tanki la maji au hosi yake inavuja, au ni mvua. Yakiwa ya chumvi, yanatoka nje, na hapo usilale kabla hujayajua yanakotoka. Kausha ngama kwa kitambaa, nyunyiza unga wa chaki kuzunguka kila valvu na kila kiungo, urudi baada ya saa moja utazame mstari uliolowa. Pale shafti inapotokea nje kwenye mfungo wa kamba ya grisi, matone machache kwa dakika shafti ikizunguka ni sawa, yanaipoza. Ukiikaza hadi ikauke kabisa itaungua.

Pampu ya ngama isipozunguka, iunganishe moja kwa moja na betri. Ikizunguka, tatizo ni boya la swichi, fyuzi au kiungo kilichokaa majini. Ikizunguka bila kutoa maji, kuna nywele, uzi au hewa iliyonaswa. Hiyo si kazi ya Nairobi.

Kazi yangu iko kwenye valvu. Valvu za kufungia maji ya bahari zinapaswa kuwa za bronzi, au za plastiki imara iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Zile za brasi, zinazouzwa katika kila duka la vifaa vya mabomba mjini, zina zinki nyingi ndani yake. Chumvi huinyonya zinki taratibu na kuacha shaba yenye matundu kama sifongo. Kwa nje valvu ina umbo lake lote. Ikwaruze kwa ncha ya kisu: njano ya dhahabu ni nzima, rangi ya waridi ni maiti. Niliwahi kuletewa moja iliyokatika ilipoguswa tu kwa spana, na mwenye chombo alikuwa ameitegemea miaka minne, chini ya mstari wa maji, juu ya tundu la kupita mayai mawili. Nunua bronzi hata kama bei ni mara tatu. Fungua na ufunge kila valvu mara moja kwa mwezi isigande, na ufunge kando yake kizibo cha mbao laini kwa uzi, kiwe karibu siku kitakapohitajika.

Winchi, henza na waya za mlingoti

Winchi inayoteleza au kurudi nyuma chini ya mzigo ni hatari kwa vidole, iache kutumika hapo hapo. Ndani kuna vijino vinavyosukumwa na springi ndogo ili viume gurudumu. Karibu kila mara kosa ni grisi. Mtu ameipaka kwa nia njema, imeganda na chumvi, vijino vimelala. Osha vyote kwa dizeli au mafuta ya taa, gia zipake grisi kidogo sana, vijino vipake oili nyepesi tu. Fungulia ndani ya sanduku la karatasi, springi hizo zikiruka baharini hazipatikani mjini kirahisi.

Henza, kamba ya kupandishia tanga, ikiwa nzito kupandisha, ifungue kwenye tanga kwanza, vuta kamba tupu. Bado nzito? Kapi la juu ya mlingoti. Sasa nyepesi? Reli ya tanga inataka kuoshwa kwa maji matamu.

Waya zinazoshika mlingoti zipitishe ndani ya pamba. Uzi uliokatika utainasa. Tazama kwa makini pale waya unapoingia kwenye kichwa chake cha chini, ndipo maji ya chumvi hukaa. Uzi mmoja uliokatika, au mstari wa kutu unaotokea ndani ya kichwa, ni waya wa kubadilishwa kabla ya safari. Hakuna kuutuma kwangu niutengeneze, hautengenezwi. Na hata ukionekana mzuri, ukifika miaka 10 hivi panga fedha za mpya.

Choo cha kusukuma kwa mkono kikiwa kigumu, mwagia siki uiache usiku, asubuhi mafuta ya kupikia. Kinachokaza ni chokaa ya mkojo na maji ya bahari. Asidi na dawa ya klorini usizichanganye kamwe, hutoa gesi ya sumu.

Ukiamua kuituma

Kama umefuata njia yote na kituo chenyewe ndicho kilichoanguka, kioshe kwa maji matamu, kikaushe juani nusu siku, kimwagiwe oili ya kuzuia kutu. Piga picha za nyaya kabla hujazifungua na uzifunge vipande vya utepe vyenye namba. Toa oili na dizeli yote, makondakta hukataa mzigo unaovuja na wana haki. Bolti zake zitie kwenye chupa, ubaki nazo chomboni, kwa sababu zikipotea Nairobi utapata za saizi hiyo lakini za chuma cha kawaida.

Ndani ya kifurushi weka karatasi yenye vipimo vyako: volti za betri ikiwa imepumzika, volti wakati wa kugeuza ufunguo, volti kwenye waya wa hasi, na saa ambazo injini imefanya kazi. Yule mzee wa Kilifi sasa hunitumia karatasi hiyo kwanza kwa simu, imepigwa picha juu ya meza ya ramani. Mwaka huu amenitumia karatasi tatu na kifurushi kimoja.